Maelezo ya Patroba Amugune Kuhusu Ndege Iliyosemekana Imesimama

Kituo cha Polisi, Kakamega
Jumatatu, tarehe 16 Mei 1966

Jina la shahidi: Patroba Amugune
Umri: Miaka arobaini na mitatu
Kazi: Mkulima wa mahindi
Makao: Lugari, mashamba ya makazi mapya
Yahusu: Kifo cha Jael Navalayo, mke wa shahidi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nasema haya kwa hiari yangu mbele ya Koplo Kipkemboi, kwa Kiswahili ninachokielewa. Koplo amenipa kiti. Nimemwambia nitasimama, kwa sababu nikikaa nitalia, na nikilia hatutamaliza.

Mwezi wa nne mwaka huu viwavijeshi waliingia katika mahindi yetu. Unalala shamba likiwa kijani, unaamka umebaki na mabua. Mashamba haya tulipewa baada ya Wazungu kuondoka, na huu ulikuwa msimu wetu wa tatu tu. Chama chetu cha ushirika kikaamua kukodi ndege ya kunyunyiza dawa. Kampuni moja ya Nairobi ikamtuma karani wake, Bwana Kibiwott, akatusomea mkataba ndani ya ghala la chama.

Ubishi wa siku ile ulikuwa juu ya saa. Saa ya ndege inaanzia wapi na inaishia wapi? Rubani akiwa chini anakunywa chai, hiyo ni saa yetu? Injini ikinguruma huku dawa inajazwa, je? Mwenyekiti wetu, Mzee Hezekiah, alisimama akasema, "Hatulipi ndege ya kukaa. Ng'ombe analima akivuta jembe, si akila nyasi." Watu wakacheka. Basi Bwana Kibiwott akaandika kwamba muda wa kazi wa ndege utahesabiwa tangu magurudumu yaache ardhi mpaka yaiguse tena, na kwamba wakati wote magurudumu yakiwa chini, ndege itahesabiwa kuwa imesimama. Tukapiga makofi. Jael alikuwa ameketi upande wa akina mama, naye akapiga makofi. Nilimwona.

Mnamo tarehe 12 Mei, siku ya Alhamisi, asubuhi, ndege ilitua kwenye kiwanja cha nyasi alichokiacha Mzungu wa zamani. Rubani alikuwa kijana wa Kizungu aitwaye Bwana George. Alitukusanya sisi tuliochaguliwa kumsaidia, akatuonya jambo moja. Injini haitazimwa mpaka kazi iishe, kwa hiyo kila anayekuja kwenye ndege aje kutoka nyuma, asitokee mbele hata kidogo. Pangaboi, yaani yale mapanga ya mbele, likizunguka kwa kasi halionekani. Unaona hewa tupu.

Nilimwuliza kwa nini asizime injini wakati wa kujaza dawa. Akanijibu kwa Kiswahili chake, "Mzee, mimi iko chini, saa yangu nalala. Zima, washa, zima, washa, jua naisha." Ndivyo tulivyotaka wenyewe kule ghalani.

Kazi yangu ilikuwa kushika mti wenye kitambaa cheupe mwisho wa shamba, ili rubani aone mstari wa kufuata. Shamba la mwisho lilikuwa langu, na linapakana na kiwanja. Kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu, sikuhadithiwa na mtu.

Jael hakuwa miongoni mwa wasaidizi, na lile onyo hakulisikia. Nilipokuwa natoka nyumbani asubuhi aliniuliza, "Baba Ayuma, huyo mgeni atakula wapi?" Nikamwambia rubani hana nafasi ya kula, anashiba upepo. Akasema, "Mtu anakuja kutuokolea mahindi, halafu anaenda na njaa? Watu watasemanga nini juu yangu?" Nikamtania kwamba anatafuta tu sababu ya kumchinja jogoo wangu. Alicheka, akaenda kumkamata huyo jogoo. Jael alikuwa hivyo tangu nimwoe. Kwake mgeni kuondoka bila kula ilikuwa aibu ya nyumba nzima.

Ilipofika kama saa sita mchana ndege ilitua kujaza dawa ya mwisho. Akishanyunyiza shamba langu, Bwana George angepitiliza moja kwa moja kwenda Kitale bila kutua tena kwetu. Nadhani Jael aliambiwa hivyo, maana alikuja kwa haraka. Nilimwona akitokea kwenye njia ya mahindi, amevaa gauni lake la kanisani, ameshika kikapu kwa mikono miwili. Mlikuwa na obusuma, yaani ugali, na ingokho, yule jogoo wangu, na firigisi juu, maana hiyo ni ya mgeni.

Hapa namwomba Koplo aandike polepole, kwa sababu Bwana Kibiwott amesema mke wangu alikuwa mjinga. Kwetu chakula hakipelekwi kwa mgeni kutoka mgongoni. Anayekujia mgongoni ana neno baya na wewe. Mwanamke mwenye adabu humjia mgeni usoni, wakaonana, akainama kidogo, ndipo akampa. Jael alimwona Bwana George amekaa kule juu ndani ya ndege. Akalizunguka bawa kwa adabu zake zote akaja mbele, ili waonane. Akainama. Alikuwa anatabasamu.

Nilipiga kelele. Niliutupa mti wangu nikakimbia. Injini iliimeza sauti yangu. Yaliyofuata daktari ameyaandika, na mimi sitayarudia.

Bwana George akazima injini. Ilikuwa mara ya kwanza kuzimwa tangu asubuhi. Pakawa kimya hata nikasikia viwavi wakitafuna mahindi. Alishuka, akaanguka kwenye nyasi. Akaniuliza, "Mama alikuwa nabeba nini?" Nikamwambia, "Chakula chako." Akajifunika uso. Nimejaribu kumchukia kijana huyo nimeshindwa.

Maiti ililetwa hospitali hapa Kakamega jioni ile. Jumamosi, tarehe 14, Bwana Kibiwott alinikuta nje ya chumba cha maiti. Alinipa pole, kisha akanipa karatasi nitie sahihi. Karatasi ilisema kifo kilitokea nje ya muda wa kazi wa ndege, kwa hiyo kampuni haidaiwi kitu. Akanieleza, "Kwa mkataba, Mzee, ndege ilikuwa imesimama. Mama aligonga kitu kilichosimama."

Nikamwuliza, "Mtu akigonga nyumba, anakatika namna ile?"

Akatazama chini. "Mimi nafuatanga mkataba tu, Mzee. Na nyinyi ndio mliutaka hivyo."

Maneno hayo yamenichoma kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Tulibishana juu ya saa mpaka tukashinda. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, ndege ikiwa chini na injini inawaka, mtu akiumia itakuwaje? Lakini karatasi ile sikuitia sahihi.

Koplo naye ameniuliza leo, ndege ilikuwa imesimama? Najibu hivi. Magurudumu yalikuwa yamesimama. Injini haikuwa imesimama. Mkataba na uhesabu saa zake unavyotaka, hayo ni ya kampuni na chama. Polisi waandike kilichotokea.

Binti yetu Ayuma bado ni mdogo. Akikua ataniuliza mama alikufaje, na huenda akaja hapa kuomba asome. Sitaki akute kwamba mama yake alijiua kwa upumbavu kwenye ndege iliyolala. Nataka akute kwamba ndege ilikuwa kazini, na Jael naye alikuwa kazini.

Shamba langu halikunyunyizwa. Majirani wanasema limekwisha lote. Sijaenda kutazama.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Sikuongeza kitu, na nilichopunguza ni kile tu nisichoweza kukisema.

(Sahihi) P. Amugune

Maandishi ya afisa: Maelezo haya yameandikwa na mimi, Koplo Kipkemboi, nikamsomea shahidi, akakubali kwamba ndiyo aliyoyasema. Juu ya jalada nilikuwa nimeandika "ajali ya ndege iliyosimama". Shahidi ameomba nilikate neno la mwisho. Nimelikata, nikaandika "iliyokuwa ikinguruma", na kutia sahihi yangu pembeni. Nimemwonyesha. Baada ya kuliona, shahidi aliketi kwenye kiti.

(Sahihi) Kipkemboi, Koplo