Kwa Mama Ratiba, Aliyekataa Kupumzishwa

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu nyumba hii ibaki bila mtu wa kuipangia saa, na kusema ukweli tunachelewa kila mahali. Baba anakunywa chai saa nne. Mdogo wangu alifika kwenye harusi ya rafiki yake watu wanakunja viti. Ungekuwepo tungekoma.

Chuoni walikuita Mama Ratiba, nawe jina hilo ulilivaa kama cheo. Kwa miaka ishirini na sita ulipanga nani afundishe wapi, siku gani, saa ngapi, katika vyumba sitini na vinne. Wahadhiri wenye vyeti vya kujaza ukuta walikuja mlangoni kwako wakiwa wapole, "Mama, nisaidie, nitolee hiki kipindi cha Ijumaa mchana." Ukawajibu, "Ijumaa mchana nayo ni kazi, daktari." Wakaondoka wanacheka, na Ijumaa mchana wakafundisha.

Lakini hukuzaliwa unajua kila kitu, na wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza kukiri. Ulitusimulia mara nyingi, mkono kifuani, habari ya yule mwanafunzi wa sheria uliyemkuta chini ya ngazi kwenye kiti chake cha magurudumu, daftari mapajani, shingo ameinua juu. Ukamuuliza, "Mwanangu, unamsubiri nani?" Akakujibu kwa adabu, "Simsubiri mtu, mama. Niko darasani." Darasa lilikuwa ghorofa ya pili. Wenzake waliozoea kumbeba hawakuwepo siku hiyo, naye akaona heri aisikilize sauti ya mhadhiri ikishuka ngazi kuliko kukosa kabisa. Na aliyelipanga darasa lile kule juu ni wewe.

Siku hiyohiyo ulilihamishia kwenye chumba cha mikutano cha wakuu, kwa sababu kiko chini na mlango wake ni mpana. Wakuu walipofika wakakuta viti vyao vimekaliwa na wanafunzi. Walipokujia juu ukawaambia, "Nyinyi mna miguu, pandeni ngazi." Weee! Tulidhani umemwaga unga. Kumbe walipanda.

Likizo iliyofuata ulichukua tepu ya Baba ya kupimia nguo za wateja bila hata kumwomba, ukavizunguka vyumba vyote sitini na vinne. Ulipima milango, ukahesabu ngazi, ukaandika choo kipi mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia na kugeuka, na kipi wamekifanya stoo ya mafagio. Wateja walipomuuliza Baba mbona nguo haziishi, akawaambia tepu yake imeenda chuo kikuu. Kila likizo ukarudia, mpaka vile vyumba ukavijua kichwani kama jikoni kwako.

Ndiyo maana macho yalipoanza kukuacha hatukugundua. Presha ya macho ilikuibia kidogo kidogo, na kwa miaka miwili ulituficha sisi na kuwaficha wa kazini. Tulijua siku uliyommiminia Baba chai juu ya meza, pembeni kabisa ya kikombe. Ukasema, "Haya, siri imetoka. Sioni." Ukaomba kitambaa ukapangusa mwenyewe.

Hukukaa ukajililia. Ulikwenda kwenye ofisi inayowahudumia wanafunzi wenye ulemavu, ukaomba ile programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti. Wakakuambia pole mama, hii imeletwa kwa ajili ya wanafunzi, wafanyakazi hawamo. Ukawajibu, "Basi niandikisheni mwaka wa kwanza." Ukaipata. Ukaiita Kasuku, kwa ile sauti yake kavu isiyojua kucheka wala kununa.

Sasa nafika pagumu, Mama, na nitalisema hadharani kwa sababu wewe ulilimeza. Mimi binti yako mkubwa, uliyeniita Mwenyekiti kwa jinsi ninavyopenda kuamua mambo ya watu, nilikaa kikao na Baba na mdogo wangu bila wewe kujua. Tulikuona umerudi na uvimbe kwenye paji la uso, umegonga mlango ulioachwa nusu wazi. Tulikuona unasinzia sahani ikiwa mbele yako. Tukasema inatosha, mama apumzike kwa heshima. Nikamwandikia ofisa utumishi barua ya kuomba ustaafishwe mapema kwa sababu ya afya. Nilikupenda, lakini siku ile nilikupenda kijinga.

Ofisa hakukuita mkaongea. Alikutumia barua pepe. Ulikuwa ofisini na wenzako watatu, hedifoni hukuvaa, maana barua zako zilikuwa za vyumba na vipindi tu, hazina siri. Kasuku akasoma mbele yao wote, "Kufuatia ombi la familia yako kwamba huwezi tena kuendelea na kazi..." Mhudumu wa ofisi alituambia baadaye kwamba ulisikiliza mpaka nukta ya mwisho, ukasema "Asante," ukaendelea kupanga mitihani. Wenzako hawakujua waangalie wapi.

Jioni ulikaa hapa kwenye kochi, mkoba mapajani, viatu hujavua. Nilisubiri unifokee. Ungenifokea ingekuwa nafuu. Uliuliza tu, "Mwenyekiti, nani alikwambia nimechoka?" Nikasema tunakuonea huruma, Mama. Ukasema, "Huruma yenu nimesomewa mbele za watu. Kamati ya utumishi inakaa Alhamisi kuamua. Barua mmepeleka wenyewe, mtaenda kuiondoa wenyewe." Baba akafungua mdomo. "Na wewe fundi, piga pasi suti."

Basi Alhamisi tukaenda. Nilisimama mbele ya watu saba, nikasema barua ile tuliiandika sisi bila kumuuliza mwenye kazi, tumekosea, tunaiondoa. Nilidhani yameisha. Msajili wa chuo akakugeukia, akapaza sauti kana kwamba hata masikio yameondoka, "Mama, ratiba utaiwezaje bila macho?" Ukamwambia, "Nakusikia, baba, usijichoshe. Niulize chumba chochote." Akataja kimoja. Ukamtajia idadi ya viti, ngazi za kufikia, upana wa mlango, na kwamba dirisha la nyuma halifungi. Akataja cha pili, cha tano, cha kumi. Hatimaye akamtuma karani akaangalie lile dirisha. Karani akarudi anahema, akasema kweli halifungi.

Ofisa utumishi ndipo akakuuliza swali ambalo hata sisi wa nyumbani hatukuwahi kukuuliza: unahitaji nini ili ufanye kazi yako? Ukasema, "Kasuku abaki. Mniletee mambo kwenye kompyuta, siyo kwenye vikaratasi. Na milango, ama mfunge, ama mfungue kabisa, msiiache nusu." Wakaandika. Mimi nilikuwa naangalia sakafu kwa aibu, na huku moyoni najivuna mpaka machozi.

Walikupa muhula mmoja wa majaribio. Ratiba ikatoka siku tatu kabla ya tarehe, na hakuna vipindi viwili vilivyogongana. Hakuna mwanafunzi wa kiti cha magurudumu wala wa magongo aliyepangiwa ghorofa isiyo na lifti. Habari ya majaribio haikusikika tena. Ulifanya kazi miaka mitano zaidi, ukastaafu siku uliyotimiza umri, kama dereva, kama profesa, kama kila mtu. Barua yako ilisema "kwa kutimiza umri" na hapakuwa na sababu nyingine humo. Niliisoma kwa majirani mpaka wakanichoka.

Ulikaa nasi miezi minane tu baada ya hapo, kisha moyo ukasimama.

Siku ya tatu ya msiba alikuja bwana mmoja wa makamo, mhadhiri wa hesabu. Aliketi karibu na Baba, akatuomba tumtazame usoni tunapoongea naye kwa kuwa hasikii vizuri. Akasema, "Miaka sita nilijifanya nasikia maswali ya wanafunzi. Nikiona mdomo unacheza, naitikia. Niliogopa wakijua watanirudisha nyumbani. Mimi nilikuwa mmoja wa wale saba wa kamati. Nilikaa pale kumhukumu mwenzangu, na mimi mwenyewe sisikii nusu ya yaliyosemwa." Jumatatu iliyofuata kikao kile alikwenda utumishi akasema ukweli wake. Siku hizi wanafunzi wanamwandikia maswali, naye anajibu lililoulizwa. Baada yake akaenda mpishi wa bwalo, kisha mlinzi wa geti, kisha wengine, kila mmoja na lake alilokuwa akilificha. "Tuko tisa tuliojitokeza," akasema. "Hakuna aliyepumzishwa."

Baba akamtazama usoni kama alivyoombwa, akamuuliza, "Kesho unafundisha?" Akajibu, "Saa mbili kamili." Hapo ndipo mumeo alipolia kwa mara ya kwanza tangu uondoke, Mama, na hatukumnyamazisha.

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani; na mimi, Mwenyekiti, ambaye siku hizi nauliza kwanza; na mdogo wangu na mkewe; na mama mdogo, aliyekufuata ziwa; na wajukuu wako wanne; na wenzako wa ofisi ya ratiba, na wale tisa, ambao sasa ni ndugu zetu.

Tutakukumbuka daima, Mama, ukiwa kazini.