Nguzo Uliyoinyoosha

Dada yangu mpendwa,

Jana jirani aliipiga nyumba yetu picha kwa simu, na ikatoka imelala chali vilevile kama zamani. Nilicheka peke yangu njiani mpaka akaniuliza kama niko mzima. Ningemweleza nini? Nimeona bora nikuandikie wewe, ingawa ulikokwenda barua hazifiki.

Unakumbuka mwishoni mwa miaka ya tisini, tuliporudi Gisenyi kutoka Goma, na bibi yetu, Nyogokuru kama tulivyomwita, akakataa kuja nasi? Nyumba hii babu aliijenga kwa mikono yake, mawe meusi kutoka chini hadi kwenye vigae. Nyogokuru aliikimbia akiwa na mtoto mgongoni, na miaka yote aliamini imebaki kifusi. Sasa alikuwa mzee, anaishi peke yake katika chumba cha kupanga kule Goma. Tulimtaka nyumbani, dada. Tulimtaka sana.

Basi tukamwita mpiga picha, tumpelekee ushahidi. Njia yetu ni nyembamba. Maskini alibana mgongo kwenye ukuta wa jirani, akainua kamera juu ili paa liingie. Kuta zikatoka zinakaribiana kuelekea juu, nyumba nzima imeegemea nyuma. Mimi niliyevuka mpaka wa Grande Barrière kila asubuhi na karoti zangu za kuuza Goma ndiye niliyempelekea. Aliitazama mara moja tu.

"Hii nyumba iko naanguka! Munataka nikuye kufia mu mawe?"

Nilipokuletea maneno hayo ulicheka hadi ukakaa chini. "Si nyumba yenye kulala, ni kamera," ulisema, ukaapa kumchorea nyumba ilivyo. Kwenye shule ya sanaa ya Nyundo ulikojifunza kuchora walikuzoesha kutoiamini picha, nawe ukanionyesha. Uliibandika mezani, ukavuta uzi juu ya kila pembe ya ukuta, na nyuzi zikaenda kukutana mbali, juu ya karatasi. Kamera ikitazama juu hufanya hivyo kila mara, ulisema. Kazi ya mchoraji ni kuzisimamisha kuta tena. Ukatundika karatasi yako ukutani, ukaning'iniza mbele yake timazi uliyoazima kwa fundi, ukachora pembe moja baada ya nyingine zikiwa wima kabisa.

Kisha rangi za maji. Mimi nilikuwa wa kubadilisha maji, kushika kitambaa na kukemewa. Kwa unyevu wa ziwa anga ilichukua asubuhi nzima kukauka, nami nikaigusa kwa kidole. Ulinifukuza ndani ukanirudisha kabla sijafika jikoni. Mwanga wa jua ukutani hukuupaka rangi yoyote, uliiacha karatasi nyeupe itoe mwanga yenyewe, na mimi nikaona ni uchawi mtupu.

Lakini ulinogewa. Ukainyoosha na nguzo ya barazani, ile ya karibu na mlango, ambayo sote tulijua imepinda kweli. Nilikuambia.

"Wacha, mudogo wangu. Tukisha nyoosha, tunyooshe yote. Asiogope tena."

Nilipompelekea, Nyogokuru alikwenda na mchoro wako mlangoni penye mwanga. Nikaanza kutabasamu mapema.

"Muzuri. Lakini hii ni nyumba ya nani?"

"Ni yako, Nyogokuru."

"Hapana. Yangu iko na nguzo yenye kupinda. Nilimuambia muzee wangu aitoe, akakataa, tukanuniana juma muzima. Donc, ile yangu ilianguka, na mi munanidanganya."

Siku hiyo nilipokusimulia hukucheka. Ulichukua karatasi nyingine, ukaanza tena kwenye anga. Safari hii kuta ulizisimamisha zote, na nguzo ukaiacha na kilema chake. Nilipompelekea, Nyogokuru aliweka kidole juu yake. "Muone! Kichwa ngumu yake ile ile!" Alicheka, kisha machozi yakamtoka, nami nikalia naye katikati ya karoti.

Wiki haikuisha. Alitokea njiani kwetu nyuma ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kijana mmoja anaisukuma, juu yake godoro, sufuria na kiti.

"Bon," alitusalimia, "nimekuya kuangalia tu."

Aliangalia mpaka mwisho wa maisha yake. Kila nikikumbuka uso wako siku ile, ukishusha godoro na kujifanya huoni sufuria, moyo wangu unajaa furaha, hata sasa ambapo wewe pia hupo.

Nakukosa, dada. Juzi nimeanza kukuchora kutoka kwenye picha ya harusi yangu. Umesimama mlangoni, shingo imeinama upande, vile ulivyokuwa ukimsikiliza mtu. Binti yangu alikuja nyuma yangu akatazama.

"Mama, yeye iko amepinda. Munyooshe."

Nimekataa.

Pumzika vema, mpenzi wangu.

Mdogo wako