Kapteni Jembe na Uvungu wa Mzee Salumu

Jumanne.

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba Kapteni Jembe, shujaa wangu wa katuni gazetini, hatimaye amepata viatu. Tangu nianze kumchora alikuwa akiruka angani peku, akihimiza kilimo. Sasa mhariri anataka akamate walanguzi wanaoficha bidhaa adimu.

Nikahitaji mlanguzi. Nikampa sura ya Mzee Salumu, mwenye duka hapa ninapopanga, kwa kuwa kitambi chake na masikio yake ni rahisi kuchora. Sukari nikamfichia uvunguni mwa kitanda. Kwenye karatasi tu!

Leo alasiri balozi wa nyumba kumi kaingia kwake na mgambo wawili, gazeti mkononi. Mtaa mzima ukajazana mlangoni.

"Mzee, leo Jembe kakufikia!" mtu akapayuka. Wakacheka.

Mzee akaniona. "Mwanangu, wewe si ndiye mchoraji? Waambie basi kwamba umetunga."

Nikajifanya nahangaika na kandambili yangu. Nilimwogopa balozi, na kazi naitaka. Wangekuta hata kilo mbili za sukari, leo angelala ndani, na mimi ningekuwa...

Walivuta ndoo iliyofunikwa kutoka uvunguni. Ilikuwa ya kukojolea.