Ukucha wa Simba Darasani

Jumanne usiku

Na bado uko hapa, ndani ya soksi, chini ya godoro langu. Mimi na ujanja wangu wa kufundisha kwa vitu!

Niliwaambia darasa la nne kila mmoja alete kitu cha nyumbani tujifunze jina lake kwa Kiingereza. Wakaleta vijiko, kandambili, kufuli. Zuhura akafungua leso: ukucha wa simba.

"Ulikuwa wa babu, Mwalimu."

Hapa Mikumi ukikutwa na nyara ya serikali, hata kama umeirithi, ni jela. Kabla sijasema kitu akataja jina mwenyewe, "Claw!", na darasa zima likaitikia kwa sauti, kama nilivyowazoeza.

Nikauchukua. Nikimrudishia, baba yake anakwenda na maji. Nikiupeleka kwa askari wa hifadhi, wataniuliza nimeutoa wapi. Nikikaa nao...

Joyce anakaa dawati la mbele. Baba yake ni askari wa hifadhi. Kila siku nawakumbusha: ukifika nyumbani, mfundishe mzazi neno jipya la leo.

Leo sikuwakumbusha. Lakini Joyce hajawahi kuhitaji kukumbushwa.