Kaburi la Fadhili Kwenye Mpaka wa Zoni

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa mbele ya OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi) Anselmo, kituo cha polisi, Rumonge, tarehe 16 Oktoba 2025.

Jina: Mwasiti Asmani, aitwaye Mama Raisa. Umri: miaka 54. Kazi: kukamua na kuuza mawese. Makazi: Kasaka, barabara ya Kigwena.

Sikuja hapa kwa hiari yangu. Nimeletwa na polisi wawili, na nataka hilo liandikwe kwanza.

Mnamo tarehe 14 Oktoba, Jumanne asubuhi, jirani yangu Fadhili, fundi wa mitumbwi, alifariki nyumbani kwake Kasaka. Mimi na yeye tulikuwa hatusalimiani. Alikata michikichi yangu akisema imeota kwake, nami nikamwita mwizi mbele ya watoto wake. Alipokufa sikulia.

Baada ya swala ya adhuhuri wanaume walibeba jeneza kwenda makaburini. Makaburi ya Waislamu wa Kasaka yako ng'ambo ya kijito, na tangu komine, yaani tarafa zetu, ziunganishwe na mipaka ichorwe upya, ng'ambo ile imetiwa katika zoni ya Nyamirinzi. Wazee wetu wamelala huko, sisi tumebaki huku.

Nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya kijito, kwa hiyo niliona yote. Shefu wa zoni ya Nyamirinzi, bwana Hubert, alisimama darajani na vijana wenye mapanga. Akasema, "Makaburi haya iko ya Nyamirinzi sasa. Mutu wa Kasaka azikwe Kasaka."

Nuhu, mtoto wa marehemu, akamjibu, "Mama yangu amelala hapo nyuma yako, shefu. Nimuzike baba mbali naye?"

"Uende kuuliza komine."

"Komine iko mbali, na baba hawezi kungoja."

Kijana mmoja akacheka, akatupa jiwe. Likagonga ubao wa jeneza. Ule mlio niliusikia nikiwa uani kwangu. Wanaume wetu wakaweka jeneza chini, wakaanza kuokota mawe na wao, nikajua leo tutazika wengi.

Nilitoka nikapita katikati yao. Nikamwambia Nuhu, "Mulete kwangu." Hakunielewa. Nikasema tena, "Mulete nyuma ya nyumba, kwenye michikichi. Shamba ni langu, si la zoni."

Akanitazama. "Mama Raisa, wewe?"

Nikamwambia asinishukuru, achimbe.

Walichimba. Mvua ilianza na hawakuacha. Bwana Hubert alipiga kelele kutoka darajani kwamba kuzika bila ruhusa ni kosa. Nilisimama mlangoni mpaka udongo ukasawazishwa.

Jana asubuhi nilikuta mashine yangu ya kukamulia mawese imevunjwa na mapipa yamepinduliwa, mafuta yameteremka hadi kijitoni. Niliwaona vijana wawili wa darajani wakikimbia. Nimewataja kwa majina. Hao hamjawakamata. Mimi ndiye niliyekamatwa.

Nimeulizwa kama nakubali marehemu afukuliwe. Sikubali. Bwana Hubert amekwisha kumkataa maiti huyu mara moja, sasa anamtakia nini? Kama ana haja naye, aje na jembe lake mwenyewe, achimbe huku watoto wa marehemu wakimtazama.

Nimeulizwa pia kama nilimsamehe marehemu. Hilo si la polisi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: Mwasiti Asmani

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili. Mahali fulani nilikuwa nimeandika kwamba marehemu alizikwa kwa siri. Alikataa kutia sahihi mpaka nifute, akasema, "Andika mchana, watu wakiona." Nimefuta. Shahidi ameachiwa arudi nyumbani. Ombi la shefu wa zoni la kufukua kaburi sikulitia sahihi.

OPJ Anselmo