Mursik ya Baba Kibet

Jumatatu, tarehe 3
Nimechuma majani ya chai tangu asubuhi, mgongo umekwisha. Mume wangu, Baba Kibet, yuko siku ya tatu ya vidonge vya figo. Daktari aliandika, nikanunua mjini Sotik. Namsimamia mpaka ameze. Nampa na kikombe cha mursik, maziwa ya ng'ombe niliyogandisha mwenyewe kibuyuni, maana dawa kali haifai tumbo tupu. Hapo tu ndipo hana ubishi na mimi.

Jumatano, tarehe 5
Homa bado. Amekaa juani na jaketi, anatetemeka, ameshika kiuno. Eti atapona tu. Atapona lini? Akifa nitabaki na watoto watatu. Naogopa, na nikiogopa nakasirika. Nimemwongezea kikombe cha pili.

Ijumaa, tarehe 7
Nimeenda Sotik kugomba. Nimemwambia yule dada wa duka la dawa, mbele ya wateja, kwamba ametuuzia unga. Nimemwita mwizi. Aliuliza tu, "Mama, yale niliandika kwa bahasha ulisoma?" Bahasha gani! Vidonge nilitia kwa mkebe, bahasha nikawashia moto siku ile ile. Huyo ananiona mjinga. Ovyo kabisa.

Jumamosi, tarehe 8
Ameanguka karibu na zizi la ng'ombe. Jirani ametubeba na gari lake mpaka hospitali ya Kapkatet. Daktari ameuliza, dawa anameza na nini? Nikajibu kwa maringo, mursik. Akaweka kalamu chini.

Akanieleza: maziwa yanaishika dawa hii huko tumboni, nyingi haifiki kwa damu. Mursik, chai ya maziwa, yote. Ameze na maji, glasi nzima. Maziwa yangoje masaa kadhaa. Ugonjwa umepanda wakati sisi tunadhani tunatibu. Amelazwa.

Nilitaka kutukana mtu. Nimetafuta wa kutukana nikamkosa. Kikombe nilimimina mimi. Cha pili pia. Shenzi, mimi.

Jumatano, tarehe 12
Wametutoa leo. Homa imeshuka. Tumeshuka Sotik kwanza. Duka lilikuwa limejaa, na nikasema tu pole yangu mbele ya watu, vile nilimtukana mbele ya watu. Yule dada ameniandikia bahasha nyingine. Nimeisoma mara mbili hapo hapo.

Jioni Baba Kibet amemeza dawa na maji, uso ameukunja. Ameulizia kibuyu. Nimemwambia kitangoja. Bahasha nimeibandika ukutani, mbali na moto.