Kasi ya Kanda za Buffalo

Jumatatu, 6 Aprili 2015. Columbus

Kanda ya arobaini na moja, upande wa pili. Hedfoni zimenibana masikio mpaka yanawaka moto. Nahesabu mapigo kwa kugonga kalamu mezani, naandika, narudisha nyuma, nahesabu tena. Pasaka imepita na sikutoka nje. Chai na mkate, basi.

Utetezi wa tasnifu ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 17. Nisipofaulu, kibali changu cha masomo kinaisha Mei na narudi Machakos mikono mitupu. Miaka mitatu. Yote kwa ajili ya ngoma za hardcore, muziki wa mashine wa mbio uliochezwa kwenye mikesha ya dansi miaka ya tisini, ambazo nikisema ukweli siwezi tena kuzisikia.

Jumatano, 8 Aprili

Jedwali limekamilika. Limependeza hata mimi nimeliangalia mara mbili.

Ma-DJ wa Louisville: santuri za Uingereza, ngoma zilizokatwakatwa, mwendo wa wastani. Columbus: mchanganyiko. Buffalo: Rotterdam mtupu, mtindo wa Uholanzi, pigo moja zito lisilopumzika, mbio kuliko wote. Mapigo 166 kwa dakika, wenzao wakiwa 150 hivi. Hoja yangu yote imekaa hapo, kwamba kila mji ulichagua mtindo wake na Buffalo, mji wa mpakani na Kanada, ulikimbia. Profesa anayenisimamia amesema huo ndio moyo wa tasnifu.

Baba alitua Louisville jana. Yuko kwa dada yangu Ndinda, mtaa wa Newburg. Amekuja na suti ya mahafali. Kanisa zima kule Machakos lilisimama kumwombea safari. Sikumwomba mtu asimame.

Jumamosi, 11 Aprili. Buffalo

Masaa matano barabarani. Theluji chafu bado imerundikana kwenye maegesho.

Nilikuja kwa mahojiano ya mwisho na Dale. Zamani alikuwa DJ, sasa ni fundi wa lifti. Kanda zote za Buffalo ni zake, na humo anapaza sauti kati ya santuri na santuri. Nimeishi na sauti hiyo tangu Desemba: nyembamba, ya haraka, ya mtu anayekimbilia basi.

Mlango ukafunguliwa, sauti ya besi ikanikaribisha. Nikadhani ni kaka yake.

Nikauliza kama sauti ilibadilika kwa uzee. Akasema imekuwa hivyo tangu akiwa na miaka kumi na tano, ndiyo maana walimwita Kaburi. Nikamchezea rekodi yake kwenye kompyuta. Alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka.

"Huyu si mimi," alisema. "Umenikimbiza."

Nimelala hoteli ya barabarani na viatu miguuni.

Jumapili, 12 Aprili. Columbus

Sikwenda kanisani. Nilikwenda maabara.

Kanda za Louisville na Columbus nilizinakili kwenye kompyuta kwa mashine ya idara ya kuchezea kanda. Za Buffalo zilifika Desemba, idara imefungwa. Kwa haraka zangu nikanunua mashine kwenye duka la mitumba hapa mtaa wa Clintonville. Sikuipima kasi. Somo la kwanza kabisa tulilofundishwa ni kupima mashine kabla ya kuweka kanda ya mtu, na mimi mwenyewe nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Leo nimerekodi dakika moja kamili kwa mashine ya idara. Nikaicheza kwa mashine yangu. Iliisha kwa sekunde hamsini na nne.

Nimerudia mara sita. Hamsini na nne.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimezirudisha kanda za Buffalo kwenye mwendo wake. Mapigo 150. Sawa na wengine.

Kuna kibaya zaidi. Santuri tisa nilizoziandika kuwa za Rotterdam zimo kwenye orodha ya Louisville. Zilezile, za Uingereza. Kwa mbio zile ngoma zilizokatwakatwa zilibanana zikasikika kama pigo moja, na mimi nikaandika kurasa thelathini juu ya mpaka. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Nilimpigia Ndinda nikilia. Yeye ni nesi, hana muda wa machozi. "Wewe defend kwanza, u-graduate. Corrections utafanya baadaye. Nani ataenda Buffalo kusikiliza hizo kelele?"

Hakuna. Hilo ndilo linalonitesa. Hakuna mtu mwingine mwenye kanda hizo, na Dale hasomi tasnifu.

Jumanne, 14 Aprili

Nilifuta sura ya nne, ile ya Buffalo. Nikairudisha. Nikaifuta. Nikairudisha.

Jumatano, 15 Aprili

Baba alipiga simu. Anataka kujua utetezi unaanza saa ngapi ili afunge kwa maombi saa hiyo. Nikamwambia saa nne. Nikakata simu.

Najichukia. Namchukia Dale kwa kuwa na sauti nzito.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimesema.

Nilimpelekea Profesa mashine yenyewe, nimeikumbatia kifuani. Nikaweka ile dakika moja, yeye akatazama saa yake. Ilipoisha akaandika 54 kwenye bahasha. Kisha akasema utetezi umeahirishwa hadi muhula wa vuli, Septemba, na sura ya nne imekufa. Ataniandikia barua ya kuongezewa kibali. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni inaweza kukubali, inaweza kukataa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 17 Aprili

Saa nne nilikuwa nimekaa sakafuni chumbani. Baba alikuwa anafunga kwa ajili yangu Newburg. Sikuwa nimemwambia.

Jumapili, 26 Aprili. Louisville

Ofisi bado haijajibu.

Niliwaambia jana, nilipofika. Ndinda alitoka akaenda kukaa kwenye gari lake. Baba aliuliza maswali mawili tu, yote kuhusu mashine. Nikamsihi awaambie kanisani kwamba nimeugua.

Akaanza kusimulia. Baba ni mwalimu wa kwaya. Siku moja, mbele ya askofu, alianzisha wimbo juu mno. Soprano wakashindwa kufika, wakawa wanapiga kelele kama kuku, na yeye kwa aibu akawaacha wateseke beti zote tano. "Ningesimamisha ubeti wa kwanza," alisema.

Asubuhi hii, ibada ya Machakos ilipokuwa imekwisha, alimpigia mchungaji. Alivaa suti kwa ajili ya simu.

"Mahafali mwaka huu hakuna," alisema. "Mumbua alipima nyimbo kwa mashine inayokimbia. Kosa ameligundua mwenyewe, amesema mwenyewe. Watangazie hivyohivyo." Akasikiliza kidogo. "Hapana, Mchungaji. Hajaugua."

Kisha akavua koti, akalitundika kwenye kiti. Ndinda akaweka maji ya chai.